Miezi Sita Kivulini

Jumatatu, 8 Januari

Placide amepita tena na megafoni yake. Alfajiri! Anatangaza kwamba Alhamisi kundi la wapimaji wa malale litafika kwenye uwanja wa shule, kila mtu aje achomwe kidole. Alikuwa amevaa kile kizibao cha kijani walichompa. Kazi ile ya uhamasishaji niliiomba mimi kwanza. Wakamchagua yeye, eti ana sauti. Sauti! Hata mbuzi wana sauti.

Nilimsikia nikiwa shambani, nafukuza ndege kwenye mpunga. Ndiyo maisha yangu tangu mpunga uanze kuiva: kupiga debe bovu na kufoka mpaka jua linazama. Sidonie, mke wangu, ananitoa kitandani kabla hakujapambazuka. Baada ya ndege kuna kuvuna. Baada ya kuvuna, kupura. Baada ya kupura, jembe tena. Nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Basi nikamkumbuka baba mdogo Lukumani. Malale ilimkamata nilipokuwa mtoto. Dawa ya wakati ule ilikuwa kali, iliunguza mishipa, kwa hiyo wauguzi walimpa miko ya miezi sita. Asitoke juani. Asile cha moto wala pilipili. Asishike jembe. Asikasirishwe. Asikasirishwe! Mama mdogo hakuthubutu hata kumwuliza ufunguo uko wapi. Miezi sita alikaa kivulini nyuma ya nyumba, anakula samaki, kitambi kinaota.

Nimeamua. Nataka malale. Si kubwa. Ndogo tu.

Jambo moja linaniudhi. Mdogo wangu Josué alirudi kabla ya Noeli kutoka machimbo ya dhahabu, upande wa Kabambare, na kazi yake ni kulala. Mchana analala kijiko kikiwa mkononi. Usiku hapati usingizi, anazunguka nyumba akiongea na watu ambao hawapo. Jana alitia chumvi kwenye chai na akainywa yote. Sidonie anasema: “Huyu mutoto hana uvivu. Iko mugonjwa.” Mimi namjua Josué. Nilimlea mwenyewe tangu mama yetu afariki. Uvivu wa machimboni, basi.

Jumanne, 9 Januari

Mazoezi yameanza. Nimeuliza watu wazima dalili za malale: usingizi wa mchana, tezi za shingo kuvimba, akili kuhama. Nilihitaji mtu wa kuiga. Nikaketi mbele ya Josué asubuhi nzima, nikamtazama anavyolala: kope zinashuka nusu, mdomo wazi, kichwa kinaenda kushoto, kinashtuka, kinarudi. Hodari sana. Mimi nafanya bidii, yeye anaweza bila kujaribu.

Mchana nikasinzia shambani kwa makusudi. Ikageuka usingizi wa kweli. Ndege wakala upande wote wa kijito. Sidonie alikuja na fimbo. Nilimtazama kwa macho ya Josué, nikamwuliza yeye ni nani. Akanijulisha.

Shingo bado. Nimepaka upupu kidogo nyuma ya masikio ili pavimbe. Pamevimba. Mungu wangu, panawasha!

Alhamisi, 11 Januari

Siku kubwa. Nimeharibikiwa.

Uwanja ulijaa. Placide langoni na megafoni, anawapanga watu kama askari. Ndani, kwenye darasa la tatu, muuguzi Elsa kutoka Kindu, mwanamke mrefu asiyecheka. Kila anayefika anaandikwa namba kwenye mkono kwa kalamu nene ya wino. Sidonie 42. Mimi 43. Josué 44, maana Sidonie alimsukuma mgongoni njia nzima. Tulichomwa vidole. Damu ikawekwa kwenye vikadi vidogo, vikadi vikatikiswa kwenye mashine. Sidonie akaambiwa yeye hana kitu, akarudi mbio kufukuza ndege. Mimi nikaambiwa sina kitu.

Sina kitu! Na upupu wote ule!

Nilibaki nje kwa uchungu. Josué alikuwa amelala chini ya dirisha, kichwa ukutani. Ndipo Elsa akatoka akaita arobaini na nne. Abaki, damu yake ina alama, lazima atazamwe zaidi. Hakuna aliyejibu. Akaita tena. Josué anakoroma. Nikatazama mkono wangu. 43. Tatu na nne haziko mbali. Nikaokota kalamu mezani kwa karani, nikatema mate, nikasugua ile tatu kabla wino haujashika, nikaandika nne. Nikaingia.

Wakauliza jina. Nikasema Josué. Wakauliza umri. Nikapunguza miaka minane. Elsa alinitazama kwa muda, akasema machimbo yanazeesha watu. Akabonyeza shingo yangu, akakuta uvimbe wa upupu, akaingiza sindano. Nilipiga kelele ambayo Placide aliisikia langoni bila megafoni. Wakatazama kwenye darubini. Hakuna mdudu. Wakachota damu ya mkono. Hakuna mdudu. Elsa akakunja uso.

Halafu akanieleza taratibu kwamba kuna utafiti. Watu ambao kadi inasema ndiyo lakini darubini haioni kitu wanapewa dawa mpya, inamezwa siku moja tu, halafu wanafuatiliwa waone kama wanalindwa. Ni hiari. Mtu anaweza kukataa na hakuna atakayemkasirikia. Nikakubali kabla hajamaliza. Wakanitoa damu nyingine, chupa nzima, ya kupelekwa mbali kupimwa. Nikameza vidonge. Nilijisikia kama siku ya ubatizo.

Nikauliza kivuli kinaanza leo au kesho.

“Kivuli gani, papa?” akasema Elsa.

Kivuli cha miezi sita! Nikamtajia miko yote, samaki, jembe, kukasirishwa. Akasema ile ilikuwa dawa ya zamani. Hii haina mwiko hata mmoja. Na nje, kama vile amelipwa kunitesa, Placide akaanza kutangazia kijiji kizima: “Hakuna tena miko! Mutu anameza dawa, kesho yake anaenda shamba!”

Jioni Sidonie akauliza kuhusu Josué. Nikamwambia namba 44 iliingizwa ndani, ikatazamwa kwa darubini mara mbili, hakuonekana mdudu. Si uongo. Kila neno ni kweli. Sidonie akashukuru Mungu, kisha akamtazama Josué aliyelala juu ya gunia la mihogo, shukrani zikakatika katikati.

Jumamosi, 13 Januari

Nilijaribu kukaa kivulini hivyo hivyo. Nikamwambia Sidonie kwamba nami nilipewa vidonge, na muuguzi ameagiza miko ya zamani. Sidonie ana masikio. Megafoni ilifika mpaka shambani. Akaweka kisu cha kuvunia kwenye mapaja yangu, akaondoka.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Placide amekuja! Elsa kamwagiza amtembelee Josué wa namba 44 amwone hali yake baada ya dawa. Nikamwonyesha Josué mkekani. Placide akapiga magoti, akamwinua kope, akanuna. Akasema mtu aliyemeza dawa hatakiwi kulala hivi. Akageuza mkono wa Josué: 44, safi kabisa. Nikarudisha wangu nyuma ya mgongo. Wino ule hautoki. Nimesugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga. Kijiji hiki sasa kina namba 44 mbili.

Placide akasema watafiti watarudi na majibu ya ile chupa mwisho wa mwezi. Watataka kumwona Josué mwenyewe.

Nimevaa shati la mikono mirefu katika joto hili, na nawaza.

Jumanne, 16 Januari

Nimewaza. Josué lazima arudi machimboni. Asiyekuwepo haulizwi. Na kusema kweli hewa ya huko itamchangamsha, amekaa mno.

Moussa, yule wa pikipiki, alikuwa anapeleka chumvi na sabuni upande wa Kabambare. Tukampandisha Josué nyuma. Alisinzia kabla injini haijawaka. Moussa akaogopa kwamba atadondoka kwenye madimbwi, barabara yenyewe tunaijua. Nikamfunga Josué kwenye mgongo wa Moussa kwa mpira wa kufungia mizigo. Sidonie alisimama mlangoni, analia. Machozi ya nini? Mtu anakwenda kazini.

Josué alifungua macho, akaniita kaka mkubwa kama zamani. “Yaya, tunaenda wapi?” Nikamwambia kwenye dhahabu. Akasema sawa. Akatabasamu kama alivyokuwa anatabasamu nikimbeba mgongoni kuvuka kijito, miguu yake ikining'inia. Akalala tena. Pikipiki ikaondoka, kichwa chake kikicheza huku na huku.

Nilijisikia vibaya. Kweli, nilijisikia vibaya mpaka wakati wa kula. Kulikuwa na fungu lake la sombe, majani ya mihogo ya kutwanga, nikalila mimi.

Jumapili, 28 Januari

Wamekuja. Baada ya misa, mbele ya majirani wote.

Elsa alisema kuna jambo halieleweki. Damu ya kidole cha namba 44 ina alama ya malale, alama kali. Damu ya chupa ya namba 44 ni safi kabisa, kama ya mtu ambaye hajawahi kuumwa na mbung'o. Maabara imerudia mara mbili. Hawa ni watu wawili, akasema. Kisha akanigeukia, akanisalimu kwa heshima: “Papa Josué, habari ya dawa?”

Placide alicheka kwanza. Akasema huyu si Josué, huyu ni Nathanaël, kaka yake. Halafu kicheko kikakatika. Kila mtu akatazama shati langu. Sikujua niweke wapi mikono.

Nilitegemea matusi. Niliyatayarishia majibu, mazuri sana, kwamba kalamu ilikuwa mezani kila mtu anaona. Elsa hakunitukana. Alikaa kwenye kigoda cha Sidonie akauliza kitu kimoja tu: “Josué iko wapi?” Nikasema machimboni. Akauliza machimbo gani. Nikasema sijui, mbele ya Lusangi, huko. Akasema: “Ugonjwa hii inaingia mpaka kwa kichwa. Mutu kama hapati dawa, anakufa. Hakuna njia ingine.” Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Na dawa yenyewe nilimeza mimi, ambaye sikuwa na kitu.

Sidonie akaingia ndani akafunga mlango.

Placide akavua kizibao, akakikunja, akaomba pikipiki. Anakwenda kumtafuta. Mvua ilikuwa inakuja, wingu jeusi upande wote wa Kabambare. Nikasema nakwenda naye, ni damu yangu. Lakini hapakuwa na nafasi kwenye pikipiki.

Nafasi ilikuwepo. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Mvua kubwa, na ile barabara.

Ijumaa, 2 Februari

Placide amerudi, matope mpaka kifuani. Amempata.

Josué alikuwa chini ya turubai, machimbo ya mbali kabisa. Wachimbaji walidhani ni mlevi. Siku moja alisinzia ukingoni mwa shimo akaingia kwenye maji, wakamvuta kwa kamba. Tangu hapo walimlaza pembeni wakimpa uji alipoamka. Wengine Waislamu, wengine wa makanisa ya Bukavu, hakuna aliyejua kwao ni wapi. Yeye mwenyewe alipoulizwa alitaja jina langu tu.

Sasa yuko hospitalini Kasongo. Nimemwona. Ni mifupa na macho. Walimchoma sindano ya mgongo wakatazama maji yake, na wadudu wamefika kichwani. Alinitazama akaniita baba. Baba yetu alifariki Josué hajaanza kutembea.

Daktari anasema bahati ipo, bado anaweza kumeza. Atapewa vidonge vya siku kumi. Elsa, ambaye amebaki hapa kumfuatilia, akanishika bega akanieleza jambo moja, akalirudia mpaka akahakikisha nimelisikia. Dawa hii inamezwa juu ya chakula. Chakula kamili, tumbo limejaa. Juu ya tumbo tupu haiingii mwilini, inapita tu, na ni kama hakupewa. Hospitali haina jiko la wagonjwa. Chakula ni kazi ya ndugu, na ndugu mmoja akae naye kumlisha.

Sidonie ana mpunga wa kuvuna peke yake. “Wewe ulimutuma, wewe utakaa naye,” alisema. Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu Jumapili.

Nimelia leo. Sioni haya kuandika. Nililia nje ya wodi, uso kwenye ukuta. Nampenda mdogo wangu kuliko mtu yeyote duniani, na nilimfunga kwenye pikipiki pamoja na sabuni. Nimeapa kwa kaburi la mama: nitamlisha tonge kwa tonge mpaka apone. Ujanja nimeacha. Nimemaliza kabisa.

Jumapili, 4 Februari

Nalisha. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Josué anatafuna, anasahau kwamba anatafuna, analala na samaki shavuni. Namwamsha, anameza, analala. Sahani moja inachukua asubuhi nzima. Leo kaimaliza. Elsa alikuja, akaona sahani tupu, akampa vidonge, akaniambia nimefanya vizuri. Placide alikuwepo, amekuja kumsalimu mgonjwa, na alisikia. Nikamwomba Elsa arudie kidogo kwa sauti.

Jumatatu, 5 Februari

Nimeona kitu.

Hii wodi ina baraza. Baraza lina paa. Kuanzia asubuhi mpaka jioni jua haligusi mkeka wangu. Hakuna ndege. Hakuna debe la kupiga. Hakuna mtu anayeniambia niinuke, kwa sababu mlinzi wa mgonjwa haondoki kwa mgonjwa wake. Wauguzi wanatusalimu kwa upole, wanasema ndugu wa wagonjwa wasiudhiwe, wana mzigo mkubwa.

Na chakula! Sidonie anamtuma Moussa kila asubuhi na sufuria. Wali mpya wa shamba letu, samaki wa Nyangwe, mafuta ya mawese mengi, bila pilipili. Nilikaa na sufuria mapajani nikajiuliza nimeiona wapi picha hii. Kisha nikakumbuka. Baba mdogo Lukumani!

Mimi Sidonie ananitumia mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko. Ya baridi.

Jumatano, 7 Februari

Samaki wa leo alikuwa mkubwa, kichwa na mkia vimetoka nje ya sufuria. Josué alikula matonge matatu akalala. Nikamwamsha. Akala moja akalala. Nikamwita, nikampangusa uso kwa maji. Wapi! Wali unapoa. Mafuta yanaanza kuganda. Elsa atakuja wakati wowote, akikuta sahani ina kitu atafikiri ninazembea, na yule Placide atasikia, na kijiji kizima kitatangaziwa kwa megafoni kwamba Nathanaël hawezi hata kumlisha mdogo wake. Sahani ilitakiwa iwe tupu.

Nikamsaidia.

Nilimsaidia kidogo tu mwanzoni, ubavu mmoja. Ubavu wa pili ulibaki hauna maana peke yake. Elsa alipofika akauliza kama amekula vyote. Sahani inang'aa. Nilijibu bila kubabaika. Akamwinua Josué, akampa vidonge, akameza na maji vizuri kabisa, hodari. Elsa akatoka.

Ndipo Josué akafungua macho. Leo hakuniita baba. Alinijua. “Yaya,” akasema, “umekula?”

Nikamwambia asijali, nimekula.

Akaridhika, akalala.

Jumapili, 11 Februari

Daktari amepita na Elsa. Wanasema hawaelewi. Kwa siku hizi angetakiwa awe ameanza kukaa mwenyewe, badala yake anazidi kuzama. Chakula anakula? Nikasema anamaliza sahani kila siku, Elsa ni shahidi. Elsa akakubali, akawa ananitazama tumbo. Daktari akasema watamweka muda mrefu zaidi, huenda miezi, watajaribu njia nyingine, na nisikate tamaa.

Sikati tamaa. Mimi ni ndugu yake, nitakaa hapa hata miezi sita.

Moussa ameleta salamu za Sidonie. Mpunga wa upande wa kijito umeisha kuvunwa. Josué hajaamka tangu jana isipokuwa kwa kidonge. Anakonda sana, masikini, sielewi kwa nini. Kesho Sidonie anamchinjia kuku.